Mwano Nilioupiga Nyumbani kwa Shangazi

Kharumwa,
Jumapili, baada ya misa

Baba yangu,

Shikamoo. Na ya Mama naipitishia kwako, umfikishie kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua, ukishavaa miwani hutaki mtu akusemeshe. Mnaendeleaje hapo Ushirombo? Goti la Mama limetulia, au bado linamsumbua akipanda kwenda kanisani? Mpunga mmeuingiza ndani salama? Mimi ni mzima, wajukuu zako ni wazima, kazi inakwenda. Bado nawapikia watu wa karasha, wale wanaosaga mawe ya dhahabu. Vumbi lao linaingia mpaka kwenye wali, lakini wanakula na wanalipa, kwa hiyo sina la kulalamika.

Nakuandikia kwa mkono kama mwanafunzi kwa sababu simu yako nimeipiga mpaka nimechoka. Mwezi wa pili huu imezimwa. Nikimpigia mdogo wangu Kulwa ananiambia, "Dada, Baba hataki kusikia habari za huko." Haya, kama hutaki kusikia, basi soma. Barua hii anakuletea Mama Neema, mwenzangu tunayepika pamoja. Anakwenda Runzewe kumtazama binti yake aliyejifungua, nimemsihi ashuke hapo Ushirombo akukabidhi mkononi. Mpe hata kikombe cha uji, ametoka mbali.

Baba, habari yenyewe ni ya Shangazi Holo. Usiikunje barua. Kaa chini.

Wanataka kumnyang'anya mji wake, nyumba na kiwanja. Ule mji wenye kaburi la mumewe na kaburi la Shija, mtoto wake mmoja tu aliyefukiwa na duara, shimo la dhahabu, akichimba. Wewe mwenyewe ulisimama pale ukaongoza sala ya maziko. Sasa mji huo umeandikwa kwenye karatasi ya wakopeshaji, na siku ya kuamuliwa imeshapangwa. Nitakueleza lililompata dada yako, na nililofanya mimi kwa hasira zangu, na mwisho nitakuambia ninachotaka kwako. Ndiyo, nataka. Unisamehe, lakini mwezi mzima nimekuwa nikiomba na sijajibiwa.

Mwaka jana upepo uliezua nyumba yake. Bati zilizobaki zilikuwa zimeoza kwa kutu, hata kupigilia tena haikuwezekana. Alikupigia simu, nawe ukamwambia asubiri mavuno. Sikulaumu kwa hilo, mwaka ule mvua ilitukataa sote. Lakini Baba, mama mzima wa umri ule atalala chini ya mawingu akisubiri mpunga wa Ushirombo mpaka lini? Akaenda kwa wale wakopeshaji wa kausha damu. Hata huko mnao, wale wenye chumba kimoja, meza moja na kalenda ukutani. Wakampa laki mbili, arudishe elfu kumi kila Jumanne, siku ya mnada. Wakamwekea karatasi, akabonyeza dole gumba. Hajui kusoma, na hata angejua, jicho lake la kushoto limeshakufa na la kulia linaona vivuli tu. Moshi wa kuni wa miaka yote hiyo umemwachia macho mekundu yanayotoa machozi muda wote. Alinunua bati, akaezeka, akaanza kulipa.

Alilipa Jumanne thelathini, Baba. Thelathini! Akichelewa siku moja, faini. Faini isipolipwa, nayo inapigwa faini. Na baada ya yote hayo wakamwambia bado anadaiwa laki nne.

Mimi sikujua lolote. Hukunieleza wewe, hakunieleza yeye. Nililisikia kwa dereva wa bodaboda anayekula kwangu. Siku moja ananawa mikono, akaniambia, "Mama lishe, yule bibi Mama Shija si shangazi yako wewe? Jumanne wamemtangaza kwa kipaza sauti mnadani, eti mdaiwa sugu." Nusura nimwage sufuria la maharage. Nikamwambia amalize kula haraka anipeleke.

Ni nusu saa tu kwa pikipiki. Nafika pale, nakuta nini? Shangazi anapika. Jikoni anasonga ugali, kuku yuko chunguni, na nje kwenye viti viwili vya pekee alivyo navyo wamekaa wanaume wawili wamenyoosha miguu. Mmoja ana mkoba mweusi mapajani, shati limepigwa pasi vizuri. Huyu nitamwita Bwana Mkoba, jina lake silitaki kwenye barua yangu. Mwingine ni jitu la miraba minne lisilosema kitu.

"Shangazi, hawa ni nani?"

"Wageni wangu, mwanangu. Wamekuja kwa lile deni. Wapelekee maji wanawe."

"Unawapikia? Wanakudai, na unawachinjia kuku?"

"Wewe umekulia wapi?" akaniuliza, na kwa kweli alishangaa. "Mtu amefika kwangu saa ya kula, nimkodolee macho?"

Ndivyo alivyokuwa akifanya kila walipokuja, Baba. Kuku wake wote waliobaki waliingia matumboni mwa watu waliokuja kumdai, na hakuna kuku hata mmoja aliyepunguza deni. Nilitaka kulia, nilitaka kucheka, nikaishia kupeleka maji, kwa sababu na mimi umenilea hivyohivyo.

Nikaiomba ile karatasi niisome. Bwana Mkoba akanipa huku anatabasamu, kama mtu aliyezoea kuwapa watu wasiosoma. Mimi nikaisoma. Dhamana: kiwanja na nyumba. Mdhamini: jina lako, Baba, na namba yako ya simu. Nikamgeukia Shangazi, nikamuuliza kwa nini amekuweka bila kukuuliza. Akajibu, "Waliniuliza ndugu yangu wa karibu ni nani. Ningemtaja nani mwingine?" Alidhani ni salamu tu wanauliza.

Bwana Mkoba akasema, "Huyo mdhamini tumeshampigia. Mnataka kumsikia?" Akatoa simu, akaongeza sauti mpaka mwisho, akaiweka juu ya kiti.

Ilikuwa sauti yako, wameirekodi. Nyuma yake nilisikia watu wengi wanaongea, nikajua ni nje ya kanisa, umetoka kuongoza ibada, wamekuaibisha mbele ya waumini. Mkopeshaji anakupigia kelele, wewe katekista, kwamba dada yako ni tapeli. Naelewa, Baba. Nami ningepandwa na hasira. Lakini ulisema, "Mimi sina dada. Msinipigie tena." Na majirani watatu walikuwa pale uani wanasikia.

Nilimtazama Shangazi. Alikuwa na mwiko mkononi. Aliuweka, akapangusa sahani kwa upindo wa kitenge, akasema, "Haya, kuleni, ugali unapoa."

Nilikuchukia. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuungama. Siku tatu nilikuchukia, hata wali niliuunguza. Siku ya nne nikakumbuka kwamba hukujua unarekodiwa, na hukujua atachezewa nani. Chuki ikapungua. Haijaisha yote.

Kesho yake baada ya kutoka kwa Shangazi nilikwenda ofisi ya maendeleo ya jamii hapa Kharumwa. Afisa ni dada mmoja mpole, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia mkopeshaji lazima awe na leseni ya kukopesha, na hakuna mwenye ruhusa ya kubeba mali ya mtu bila amri ya mahakama, wala kumtangaza mtu kwa kipaza sauti. Nikaandika malalamiko kurasa mbili, nikagongewa muhuri, nikaambiwa pande zote zitaitwa. Nilitoka pale nikijiona mtu mkubwa. Nikampigia Bwana Mkoba mwenyewe, nikamwambia, "Tunaitana ofisini." Kumbe nimewaamsha. Wakaona bora wachukue chao kabla hawajaitwa.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, yule wa bodaboda akanipigia. "Mama lishe, njoo. Wanang'oa bati."

Niliacha masufuria jikoni, nikamwambia Mama Neema aangalie, nikapanda pikipiki na aproni yangu. Njia nzima nilikuwa nasema, "Ongeza moto, ongeza moto." Tulipofika, lile jitu lilikuwa juu ya nyumba na nyundo. Upande mzima wa chumba cha kulala ulikuwa wazi, kitanda cha Shangazi kinapigwa jua. Uani kulikuwa na toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, dereva anapanga bati. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso ameugeuzia kwenye mlio wa nyundo. Hakuwa analia.

Nikamwambia Bwana Mkoba ashushe mtu wake. Nikamwambia habari ya leseni, ya mahakama, ya muhuri. Nilikuwa naongea haraka, mate yananitoka. Hakunijibu mimi. Alimwinamia Shangazi, akamwambia kwa sauti ya upole kabisa, "Bibi, mwambie huyu mtoto aache kelele. Macho mekundu namna hii, mume amekufa, mtoto amekufa, uko peke yako. Watu wakianza kuulizana aliyewamaliza ni nani, utaniambia mimi habari za bati?"

Baba. Wewe unajua maneno hayo yanafanya nini huku kwetu. Umeshazika vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu tu moshi uliwaharibu macho, wakaitwa wachawi. Mtu anayemwambia bibi kizee maneno hayo hamtishi kwa deni. Anamwambia naweza kukuua bila kukugusa.

Nikapiga mwano.

Sikuamua. Ulinitoka wenyewe tumboni, ile sauti ndefu ya hatari, nikaurudia mara tatu. Nawe ulinikataza tangu mdogo. Mwano haupigwi kwa hasira, unapigwa kwa mwizi, kwa moto, kwa mtu anayeuawa, kwa sababu kila anayeusikia lazima akimbie na silaha, na asiyekuja anatozwa. Nilijua yote hayo. Nikapiga.

Hee! Hata sikumaliza wa tatu, nikasikia umepokelewa kisimani. Kisha mashambani. Kisha ng'ambo ya mto. Dereva wa toyo yeye ni mtu wa hapahapa, aliuelewa kabla ya mwenzake. Aliwasha akaondoka na bati mbili zinagongana nyuma. Bwana Mkoba akabaki ananiuliza, "Umefanya nini? Umefanya nini wewe mama?" Fimbo za kwanza zilipotokea kwenye majani, akakimbilia mahali pa pekee penye mlango. Akaingia nyumbani kwa Shangazi. Na jitu la juu likaikumbatia boriti, nyundo ikaanguka.

Walijaa uani kwa dakika chache. Wanaume wenye rungu, wenye panga, wanawake na mipini ya majembe, wengine wana tope la majaruba mpaka magotini. Jasho, vumbi, kila mtu anauliza, "Yuko wapi? Mwizi yuko wapi?" Kijana mmoja panga lake lilikuwa limenyanyuliwa tayari, macho yamemtoka. Nikaogopa, Baba. Nilikuwa nimekuja kumwokoa Shangazi, na sasa damu ilikuwa inataka kumwagika sakafuni kwake kwa mdomo wangu. Nikataka kusema si mwizi, nikaona hilo nalo ni uongo.

Aliyesimama ni Shangazi. Alipapasa fimbo yake, akatembea mpaka kizingitini, akakaa chini palepale mlangoni, miguu ameinyoosha.

"Nani ameingia kwangu?" akauliza.

"Mkopeshaji, Mama Shija! Toka hapo!"

"Huyo amekula kwangu. Mara nyingi. Ni mgeni wangu."

"Amekuezulia nyumba!"

"Ameniezulia, lakini yuko ndani ya nyumba yangu. Hapigwi mtu ndani ya nyumba yangu. Mkimtaka nikanyageni mimi kwanza, halafu mnizike pale kwa Shija."

Jiwe likapita juu, likatua chumbani. Bwana Mkoba akapiga kelele kutoka ndani, "Nisaidieni jamani, deni nimesamehe! Nimesamehe lote!" Shangazi akageuza kichwa akamwambia, "Nyamaza wewe. Hujaulizwa." Watu wawili watatu wakacheka, Baba, na kile kicheko ndicho kilichonipa pumzi. Yule kijana akashusha panga mpaka usawa wa paja.

Ndipo filimbi ikalia. Kamanda wa sungusungu wa kijiji alikuwa amefika, mzee mfupi anayechechemea, amekuja na taulo begani kama ametolewa bafuni. Akauliza aliyepiga mwano ni nani. Nikanyoosha mkono. Akauliza kisa. Nikaeleza yote, nikafika kwenye yale maneno ya macho, nikayasema kama yalivyosemwa. Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu alikuwa na macho kama ya Shangazi, akavuta khanga akajifunika uso.

Kamanda akasema, "Kumbe ni deni. Deni halikatwi panga, linahesabiwa. Mama Shija, ulichukua kiasi gani?"

"Laki mbili."

"Umelipa kiasi gani?"

"Namba sizijui. Nilivyouza navijua."

Akaanza kutaja, amekaa vilevile kizingitini. Jumanne ya kwanza jogoo mwekundu, alimchukua Mama Lusia. Jumanne ya pili na ya tatu debe la mahindi, alilichukua fundi cherehani. Ya nne kitenge cha msiba. Alitaja Jumanne baada ya Jumanne, kitu na aliyekinunua, na kila alipotaja jina mtu mmoja pale uani alikohoa au alitazama chini. Maana wanunuzi walikuwa walewale walioshika rungu. Kamanda akawa anawauliza, "Ulimpa ngapi?" na anayejibu anajibu polepole, kwa sababu wote walijua walinunua kwa bei ya mtu aliyebanwa. Plau ya marehemu ilikwenda kwa elfu ishirini. Baiskeli ya Shija kwa elfu kumi na tano. Aliyeichukua baiskeli akajitetea, "Haikuwa na breki." Mkewe akamwambia, "Nyamaza, unatuaibisha."

Kabla hajamaliza ilikuwa imeshapita laki tatu. Kamanda akamwita Bwana Mkoba atokee, akaapa mbele ya wote kwamba hakuna atakayemgusa. Akatoka amepauka, akajibanza nyuma ya bega la Shangazi kama mtoto. Akaulizwa hesabu yake iko wapi. "Iko kwenye mfumo, ofisini." Leseni? "Iko kwa bosi." Kipaza sauti ulipewa na nani ruhusa? Akazidi kujisogeza nyuma ya Shangazi.

Mtendaji wa kijiji alifika kwa pikipiki, akachukua ile karatasi, akawaandika majina, akaandika na maneno yale kama mashahidi walivyoyatamka. Kabla hawajaondoka, kamanda akasema nyumba irudi ilivyokuwa. Lile jitu la juu likapigilia bati lenyewe, msumari mmoja mmoja, kamanda amekaa chini anaelekeza, "Huo umepinda, ung'oe." Bati mbili za toyo ziliokotwa jioni kando ya njia. Kisha mtendaji akawatoa kijijini akitembea nao katikati, ili mtu asijisahau.

Watu walitawanyika bila kuagana. Mama Lusia peke yake alirudi na jogoo. Si yule, yule alishaliwa, ni mwingine. Mwenye baiskeli hajarudi mpaka leo.

Nami sikupona. Jumamosi walinikalisha kwenye mkutano wao, dagashida, wakasema nimepiga mwano kwa jambo la deni, nusura kijiji kiue. Wakanitoza mbuzi. Nimelipa, Baba, na nilistahili. Nilimpika mwenyewe pia, maana walisema mama lishe hawezi kukaa tu wakati wengine wanachuna. Nyama ilikuwa ngumu, nikafurahi.

Usidhani yamekwisha. Huyo bosi amenitumia ujumbe, ananiambia tutaona mwisho wake. Kwake bado laki nne ni laki nne, na mji bado ni dhamana. Lakini hilo silo linaloninyima usingizi. Yale maneno ya macho yalisemwa mchana, uani, nami kwa ujinga wangu nikayarudia mbele ya kijiji kizima nikidhani namtetea. Waliosikia ni wengi, sijui nani ameondoka nayo kichwani. Mjane asiye na mtoto, na kaka yake amesikika akisema hana dada, nani ataogopa kumgusa? Nimemwomba aje akae kwangu Kharumwa. Amekataa. Anasema akitoka tu, makaburi yatalimwa mihogo.

Afisa ametuita sote Alhamisi ya wiki ijayo, saa tatu asubuhi. Anataka mdhamini awepo, aseme mwenyewe kwamba hakuulizwa wala hakutia saini. Ukisema hivyo, karatasi ile inaanza kufa, ndivyo alivyonieleza. Lakini mimi nakutaka kwa zaidi ya karatasi. Nataka ushuke kwenye gari mchana kweupe, upite pale mnadani na kanzu yako ya ukatekista ukipenda, uende kwake kwa miguu, watu wakuone unaingia, unakula, unalala kwake. Nauli iko ndani ya bahasha hii. Usiniambie mambo ya mpunga.

Nisalimie Mama sana, mwambie ile dawa ya kuchua goti nitamtumia. Msalimie Kulwa, na umwambie asinifiche habari za nyumbani tena, mimi ni dada yake mkubwa. Msalimie mjomba fundi mwashi na watoto wake, na bibi jirani aliyenifundisha kusuka mikeka, kama bado anatukana kuku wake mniambie. Wajukuu zako wanasema shikamoo babu. Mdogo amepoteza meno mawili ya mbele na anataka uyaone mapengo.

Neno moja limebaki. Juzi tulipokwenda kwa afisa kujaza fomu, alimuuliza Shangazi, "Wa ukoo wako atakayesimama na wewe ni nani?" Nikafungua mdomo nijitaje. Shangazi akanikanyaga mguu. "Andika kaka yangu," akasema, akataja jina lako lote, la ubatizo na la babu. Afisa alikuwa ameshasoma malalamiko yangu, pamoja na maneno yako ya kwenye simu, akasita. Akamuuliza kwa upole, "Bibi, huyu atakuja kweli?"

"Wewe andika."

Akaandika. Tulipotoka nje Shangazi akaniambia Alhamisi nisimshike mkono kupanda zile ngazi za ofisi, kwamba utamshika wewe.

Mwanao,
Minza